Nyumba Yenye Watoto: Tulivyobadilishana na Familia ya Unguja

Mume wangu huangalia nyumba ya mzungu mmoja kule Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu. Kazi yake ni kumwagilia maua, kupambana na mchwa, kuhakikisha matangi yana maji na kwenda gatini kupokea wageni na mabegi yao. Kwa muda mrefu kulikuwa na jambo lisilomwingia akilini: baadhi ya wageni walikaa nyumba nzima kwa wiki mbili na mwenye nyumba hapokei hata senti. Si jamaa zake. Wengine hata hawajawahi kuonana naye. Siku moja akauliza, akaambiwa kuwa wakati wao wako Shela, mwenye nyumba yuko kwao Ulaya, analala kitandani mwao na kumlisha paka wao.

Aliponihadithia nilicheka, maana kwetu Lamu nyumba ni sitara kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Humwachii mtu usiyemjua ndani kwako ukaenda zako. Lakini habari ile haikunitoka kichwani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina watoto watatu, na safari zetu zote za likizo zilikuwa za kwenda kwa jamaa: Mombasa kwa shangazi, Malindi kwa mjomba, Matondoni kwa bibi yao. Pasipo na jamaa hatukanyagi. Si kwamba hatutaki. Piga hesabu ya gesti kwa watu watano, vyumba viwili kila usiku, na chakula cha hotelini mara tatu kwa siku kwa watoto ambao nusu ya sahani huiacha, utaona heri ukae nyumbani ule samaki wako.

Kubadilishana nyumba kunagusa hapo hapo panapokula pesa: malazi na chakula. Nilipoanza kusoma nilifurahi kukuta kuwa waliotangulia ni walimu wenzangu. Intervac, mtandao wa watu wanaobadilishana nyumba, ilianzishwa na walimu wa Ulaya mwaka 1953. Likizo ndefu walikuwa nazo, mshahara wa kukalia mahoteli hawakuwa nao. HomeExchange ilianza Marekani mwaka 1992 kwa kuchapisha orodha ya nyumba na kuwapelekea wanachama kwa posta, kabla intaneti haijaichukua kazi hiyo. Siku hizi mwanachama hulipa ada ya mwaka, huweka picha za nyumba yake na kuandikiana na wenzake. Kuna nipe nikupe ya moja kwa moja, wewe kwangu mimi kwako. Na kuna ya pointi: ukimpokea mtu unapata pointi, kisha unazitumia kwa mtu mwingine kabisa, hata kama yeye hana haja na Lamu yako.

Haya yote yanasomeka vizuri kwa asiye na watoto. Mwenye watoto wadogo ana swali lake la kuuliza kabla ya bei na kabla ya picha za machweo: hiyo nyumba ina watoto? Nyumba anayoiangalia mume wangu ni nzuri mno, na nisingelala humo na watoto wangu hata kwa kulipwa. Zidaka za ukutani zimejaa vyombo vya kale vya kauri, vya chini kabisa viko kimo cha mkono wa mtoto wa miaka miwili. Ukuta wa darini unanifika magotini. Viti vyote ni vyeupe. Likizo ya humo ingekuwa ya kusema "usiguse" tangu alfajiri hadi isha, na usingizi wangu ningeuacha kule kule. Nyumba yenye watoto wa rika la wako imeshatatua mambo ambayo wewe hujayafikiria: dawa ya panya imewekwa juu, poti ipo, nguo za kitanda zinafulika, na chombo chochote kinachovunjika kilishavunjika zamani.

Tukajiunga, na familia ya kwanza kututaka ilikuwa ya Ufaransa. Watoto wawili, nyumba ina bustani na bembea. Tukaingia kwenye hesabu. Viza ya Schengen, yaani ya kuingia Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya, ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Wa chini ya miaka 6 halipiwi. Kwetu sisi, mkubwa wa miaka 9, wa kati 6 na mdogo 2, hiyo ni euro 270, na hapo bado ada ya kituo kinachopokea maombi, bado bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000 kwa kila mtu, bado nauli ya Lamu hadi Nairobi kwenda kupigwa alama za vidole. Ukinyimwa viza, ada hairudi.

Kisha likaja la mwaliko. Ufaransa humtaka mwenyeji aende ofisi ya meya wa mji wake akachukue hati ya kuonyesha kuwa atampokea mgeni, na yeye mwenyewe huilipia euro 30. Mwenyeji wetu alikuwa tayari kwenda. Lakini hati hiyo inazungumzia mtu anayekaribisha mgeni nyumbani kwake, nasi tulitaka kuingia kwake siku ile ile anayoingia kwetu. Nilijiona nikilieleza hilo dirishani mbele ya afisa, nimempakata mtoto anayelia, nikachoka kabla ya kuanza. Tikiti za ndege za watu watano hata sikuzitaja mbele ya mume wangu. Nyumba ilikuwa ya bure. Kuifikia ndiko kulikokuwa na bei ya kiwanja.

Tukawaambia waje wao, sisi tutahamia kwa mama yangu, mtaa wa pili. Wakaja, tukapata pointi, tukaziacha zikae. Katika hilo nikagundua kuwa watu wa Lamu tuna jambo ambalo wenzetu wa Ulaya hawana. Kikwazo kikubwa cha kubadilishana nyumba ni tarehe, kwani lazima wote wawili muwe na likizo wakati mmoja. Sisi tuna pa kuhamia. Mama anafurahi kupata wajukuu, watoto wanafurahi kulala chini kwenye mkeka na binamu zao, na nyumba inabaki wazi kwa mgeni. Ukoo ulio karibu ni mali kubwa katika mambo haya, nami nashangaa hatuihesabu.

Basi tukaangalia mahali basi linapofika. Mkenya huingia Tanzania bila viza, na mwezi wa Maulidi ukatuletea watu wenyewe.

Anayeijua Lamu anajua mwisho wa Mfunguo Sita ulivyo. Watu humiminika Msikiti wa Riyadha kutoka pwani nzima na visiwani, mashindano ya majahazi na ya punda yanaendelea, mitaa inajaa ngoma za goma na kirumbizi, na kitanda cha kupangisha hakipatikani. Familia hii ya Unguja huja karibu kila mwaka. Mke ni mwalimu kama mimi, tulifahamiana upande wa wanawake, watoto wetu wakiwa wamekwisha kugombana na kupatana chini ya miguu yetu. Mwaka huo walikuwa wamegawana chumba kimoja na familia nyingine nzima, mume kalala msikitini. Nikawaita nyumbani kwa chai.

"Mwalimu, nyumba yetu ya Mkunazini ni yenu siku mkija," akaniambia akiaga.

"Na hii yetu ni yenu Maulidi yajayo, inshallah," nikamjibu.

Ni maneno ambayo kila mtu wa pwani huyasema mlangoni, na kila mtu huyapokea kwa heshima na kuyaacha hapo. Mume wangu, aliyekwisha kuona mikataba ya Shela, akauliza: "Shemeji, mbona tusiandikiane kabisa?" Kukawa kimya kidogo. Kuandikiana na mtu uliyemkaribisha chai kunaonekana kama kumtilia shaka. Yule bwana ndiye aliyeokoa mambo, akasema hata mahari huandikwa na hakuna anayenuna.

Karatasi yenyewe haikujaa ukurasa. Tarehe za kwao kwetu na za kwetu kwao, kwa kuwa likizo hazikutani: sisi tuna Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, wao Juni na Desemba, na Maulidi hufuata mwezi wa Kiislamu, hayasubiri shule. Umeme: kila mmoja atakuta tokeni ndani na ataziacha kiasi kile kile, wao wanaita Tukuza, sisi tunanunua kwa simu, shida ni moja. Mtungi wa gesi vivyo hivyo. Kikivunjika cha bei ndogo, samahani inatosha. Kikivunjika kikubwa, fundi kwanza, mazungumzo baadaye. Mtu wa tatu halali bila kuulizwa. Ufunguo wa akiba uko kwa jirani fulani. Chumba kimoja kinafungwa na hakiulizwi. Hiki cha mwisho nilikishikilia mimi. Hati za kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, dhahabu yangu ya harusi na nguo ambazo sitaki mtu azione ziliingia stoo, kufuli likapigwa, moyo wangu ukatulia. Bila chumba hicho nisingekubali, na nadhani wanawake wengi wa hapa hawatakubali. Sitara inaweza kuhamia katika chumba kimoja kwa muda, nyumba iliyobaki ikakaribisha watu.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni birika. Nyumba yetu ya Mkomani ni ya kizamani, na chooni kuna birika la kujengwa, la kuhifadhi maji, kina chake kinamfika mtoto kifuani. Ndani yake tunafuga samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, kama walivyofanya wazee wetu. Watoto wangu wamezaliwa wakiliona, hawaliendei. Mtoto wa mgeni akiambiwa kuna samaki chooni, hapo ndipo atakapohamia. Fundi akatutengenezea kifuniko cha mbao cha vipande viwili, kipande cha nyuma kimekazwa, cha mbele kinainuka kiasi cha kata kupita, na kitasa chake kiko juu asikifikie mtoto. Nikaandika na maelezo: samaki wasilishwe mkate, na sabuni au dawa ya kusafishia isimwagwe humo kabisa. Familia ya Ufaransa walikuwa wamezisoma karatasi zangu zote kama mtihani. Familia ya Unguja hawakusoma hata moja, walipiga simu.

Sasa safari. Pasipoti za watoto tulizishughulikia Mombasa, mapema sana, kwa kuwa mtu wa Lamu akirudishwa kwa karatasi moja iliyopungua anapoteza nauli na siku. Ndani ya Afrika Mashariki kuna hati ya muda ya kusafiria ambayo ni rahisi zaidi, ila sisi tuliona pasipoti itafaa kesho pia. Halafu kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 kadi yake hudumu maisha, hivyo ni gharama ya mara moja tu. Ihifadhi pamoja na pasipoti, si kwenye begi la nguo lililo chini ya basi.

Boti hadi Mokowe, basi hadi Mombasa kupitia Witu, Garsen na Malindi. Tulilala kwa shangazi. Asubuhi tukavuka Likoni, hao Lunga Lunga. Siku hizi mpakani hukaguliwa upande mmoja tu. Ukienda Tanzania, Mkenya na Mtanzania wako pamoja Horohoro, na kwa mtu mwenye watoto kupanga foleni moja badala ya mbili ni neema. Afisa akauliza tutakaa wapi. Nilikuwa na barua ya mwenyeji yenye mtaa, nambari ya nyumba na simu, akaiangalia, akawaangalia watoto, akagonga mhuri.

Neno moja kuhusu basi. Mtoto anayepakatwa halipiwi, na kondakta atakusifu kwa kubana matumizi. Mnunulie kiti. Mtoto wa miaka miwili kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam juu ya mapaja yako ni deni ambalo mgongo utalilipa likizo nzima.

Agosti ni kusi, na mkondo wa kati ya Dar na Unguja hauna adabu. Boti za kasi huchukua kama saa mbili. Wa kati, mtoto wa kisiwani, mjukuu wa nahodha, alitapika mpaka tulipouona mnara wa kanisa la Mji Mkongwe. Waliokaa chini nyuma, karibu na katikati ya boti, hawakusumbuka sana. Waliokimbilia mbele kuona mandhari ndio waliomaliza mifuko. Wapewe chakula kikavu kidogo tu asubuhi, chai ya maziwa isubiri nchi kavu. Ukishuka bandarini hukaguliwa tena pasipoti, ingawa hujatoka Tanzania. Bandari yenyewe iko mtaa unaoitwa Malindi, na mkubwa wangu alishikilia kwamba tumerudi Kenya.

Nyumba ya Mkunazini iko ghorofani, ngazi za mbao zimesimama wima kama za kwetu, na juu ya ngazi kulikuwa na kijilango cha mbao chenye komeo. Nilipokiona nilijua tumefika kwa watu wa aina yetu. Ndani kulikuwa na poti, kiti kirefu cha kulia, kitanda chenye chandarua cha kimo cha mtoto, sanduku la vigae vya plastiki vya kujengea na baiskeli ndogo ya magurudumu mawili. Sisi tulikwenda na begi moja kubwa na mkoba wa kandambili. Mtu aliyewahi kusafiri na poti mkononi ataelewa ninachosema.

Wenyeji walikuwa wamehamia kwa wazazi wa mume, Fuoni, kama sisi tulivyohamia kwa mama. Walikuja siku ya kwanza kutukabidhi, wakatuonyesha bomba lililo kaidi na swichi inayochokoza, wakaondoka. Kabla ya kuondoka, binti yao wa miaka saba alikusanya vikombe vyake vidogo vya kuchezea na kuviweka kwenye mfuko. Mama yake akaanza kumkemea kwa uchoyo. Nikamwambia, "Mwache mwanangu, ana haki." Tangu hapo nawaambia na wangu: mgeni akija, chagua vitatu unavyovipenda, vifungie stoo pamoja na dhahabu ya mama, vilivyobaki usivililie.

Kilichonitia hofu Unguja ni kufanana kwake na Lamu. Vichochoro ni vile vile, kuta zile zile, mabaraza yale yale, na mtoto anadhani yuko kwao. Kwetu pikipiki zimeingia, lakini ndani ya mitaa bado mtoto hupisha punda, na punda hana haraka. Mji Mkongwe kuna vespa. Inakata kona ghafla, honi na gurudumu vinafika pamoja. Wangu wamezoea kutoka mlangoni mbio bila kutazama. Siku za mwanzo nilikuwa nikitembea nao kama polisi na wafungwa, mmoja kila mkono na wa tatu mbele ya baba yake. Aliyewafunza kweli si mimi. Ni mtoto wa jirani, wa miaka kama minane, aliyewaambia kwamba ukisikia tu mlio unabandika mgongo ukutani, kisha ndiyo unatazama. Wakaugeuza mchezo. Hata pakiwa kimya, mmoja akipiga honi kwa mdomo wote hao ukutani.

Barabara ya Darajani ilikuwa somo jingine. Mtoto aliyekulia Lamu hajui kuvuka barabara yenye magari ya pande mbili, hata awe na akili kiasi gani darasani. Hili liangalie unapochagua nyumba: panapotoka mlango kuna nini? Picha zinazowekwa huonyesha ndani. Omba video fupi ya mlangoni na ya ngazi.

Na jirani. Orofa ya chini anakaa bibi mmoja mtu mzima ambaye alikuwa ameambiwa habari zetu zote kabla hatujafika, hadi kuwa mdogo wangu hali yai. Asubuhi ya pili akatuletea mkate wa kumimina. Sahani hairudi tupu. Nikairudisha na halua niliyotoka nayo Lamu, akaonja, akasema ya kwao ni bora, akaomba nyingine. Alitufundisha saa za kwenda kwenye samaki na duka la mikate ya boflo. Siku moja watoto walipokuwa wakiruka juu ya kichwa chake mchana wa jua kali akapanda mwenyewe na bakora: "Mwalimu, hawa watoto wa Lamu hawalali?" Hoteli isingenipa mtu wa kuniambia hivyo. Mume wangu alipopata homa, ni yeye aliyemtuma mjukuu wake aende naye dawani na kurudi naye, mimi nikabaki na watoto.

Kuhusu matumizi sina mengi. Mchana tulipika: wali, mchuzi wa papa, mchicha wa nazi, vyombo vyote vipo, hata mbuzi ya kukunia iliyo kali kuliko yangu. Jioni tulitoka. Urojo tuliununua bakuli mbili kwa watu watano na hakuna aliyelala njaa. Forodhani ni pazuri kwa macho. Kwa tumbo la familia, kula nyumbani kwanza kisha nenda ukawanunulie juisi ya miwa. Tulikwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa wenye asili ya Shelisheli, kwa mashua tuliyochangia na watu wengine pwani, na mdogo alikataa kuondoka. Beit al-Ajaib, jumba la kale la masultani, mkubwa aliitaka kwa sababu ameisoma shuleni. Sehemu yake ilianguka Desemba 2020, akaridhika kuitazama kwa nje. Baadhi ya siku hatukwenda popote. Wa kati alijifunza baiskeli Mnazi Mmoja, akakata mnyororo, baba yake akautafutia fundi. Hizo ndizo siku wanazozitaja hadi leo, na zilitugharimu mnyororo.

Nauli ndiyo iliyokula pesa, na ukiangalia hesabu zetu, ya mabasi na boti kwa jumla ilizidi kila kitu kingine kwa mbali. Kwa hiyo anayepata nyumba ya bure asikae siku chache. Kadiri unavyokaa ndivyo nauli inavyogawanyika, na watoto wadogo huhitaji siku mbili tatu za kulia kabla ya kukubali kitanda kipya.

Maulidi yalipofika wakaja wao. Tuliwaambia majirani wa Mkomani mapema, na mzee wa mtaa pia, asije akaona watu wasiojulikana wakifungua mlango wetu. Familia ya Ufaransa walikuwa wametuuliza kwa upole namna ya kuufunga mlango ili watoto wa jirani wasiingie, na walikuwa na haki, maana mtu amelipa nauli yake apumzike. Tuliwaonyesha komeo, tukaieleza mitaa, yakaisha. Familia ya Unguja waliuacha mlango wazi tangu asubuhi, na nilipopita jioni nikakuta darini kuna watoto wasiopungua kumi na nusu yao siwajui. Ukutani kuna mchoro wa jahazi kwa penseli. Mume wangu alipaka chokaa juu yake. Mimi nilitaka uachwe.

Pointi za wale Wafaransa bado tunazo. Mume wangu amezielekeza Cape Town, kwani tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90 kwa mwaka, na mtaa wa Bo-Kaap chakula halali si cha kutafuta. Kila wiki ananionyesha nyumba yenye mlima dirishani. Bado hajanionyesha bei ya tikiti, nami sijamwuliza.

Kwa sasa tunashughulika na Mkunazini. Mtoto wao wa mwisho, aliyekuwa mchanga mwaka jana, ameanza kutambaa, na ngazi zetu hazina kijilango kama chao. Mwenyeji wetu amenitumia vipimo vya kile cha kwake kwa simu, pamoja na picha ya komeo. Fundi alikuja juzi na msumeno na mkebe wa misumari. Nimemwambia misumari hairuhusiwi, plasta ya ukuta ule ni ya chokaa ya kizamani na ikipasuka haizibiki kwa saruji. Akaze mbao kwa mbao, zishikane na fremu ya mlango. Amesema itachukua siku zaidi na pesa zaidi. Nimempa nusu.